Nani Anayeomba Nafasi ya Chuo?

Kila mwaka, mwezi wa Julai unapofika na matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yakatangazwa, nyumba nyingi za nchi hii hugeuka kuwa ofisi. Baba huulizia ada, mama hutafuta cheti cha kuzaliwa kilichowekwa chini ya godoro miaka kumi iliyopita, mjomba hupiga simu kutoka mjini kusema ya kuwa yeye anamjua mtu, na katika steshenari ya karibu foleni huanza kabla jua halijawa kali. Katika shughuli hizo zote yupo mmoja ambaye sauti yake haisikiki sana. Ndiye kijana mwenyewe, ambaye jina lake limeandikwa juu ya kila karatasi.

Swali tunalotaka kulitazama leo si la ofisi, bali ni la dhamiri. Mzazi amsaidie mtoto wake kuingia chuo mpaka wapi? Ni wapi ambapo msaada hukoma kuwa msaada, ukawa kitu kingine? Wako watakaosema ya kuwa neno hili ni dogo, maana mtoto ni wa mzazi na fedha ni za mzazi. Sisi twaliona kuwa kubwa, kwa sababu kwa vijana wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kutia sahihi yao mbele ya taifa, na yale watakayoona wazazi wao wakiyatenda siku hiyo hawatayasahau upesi.

Kwanza tuwajibu wale wasemao, "Mwacheni ahangaike mwenyewe, hata sisi hakuna aliyetushika mkono." Maneno hayo yana sura ya ushujaa, lakini mara nyingi husemwa na watu walioshikwa mkono wakasahau. Palikuwapo mwalimu aliyewajazia fomu, au padre aliyewapa nauli, au dada aliyeacha shule ili wao waendelee. Na tena, mambo ya udahili siku hizi si mepesi hata kwa mtu mzima. Tangu mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja katika chuo akitakacho, na akitaka vyuo vitatu hupeleka mara tatu, kila kimoja kwa utaratibu wake. Dirisha la udahili hufunguliwa kwa awamu, na awamu ikipita imepita. Sharti la jumla ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi yenye alama zisizopungua 4 kwa jumla, kwa hesabu ya A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Lakini chini ya sharti hilo kila kozi ina masharti yake, na humo ndimo wengi hujikwaa.

Mtoto wa ofisa wa Dar es Salaam huyajua haya mezani pa chakula. Mtoto wa mkulima wa Sumbawanga vijijini huyasikia nusu nusu, pengine dirisha likiwa limekwisha kufungwa. Kwa hiyo mzazi aliyesoma asijivune ya kuwa amemwacha wake ajitegemee, hali jirani yake hana hata wa kumwuliza. Twaona ya kuwa afadhali afanye kinyume: akae jioni moja na wake, na watoto wawili watatu wa mtaa wakiwa pamoja naye, awasomee masharti hayo polepole mpaka wayaelewe. Jioni moja haifilisi mtu.

Tena msaada wa namna hiyo, kama ni wa kweli, hauanzi Julai. Wazazi wengi hushtuka kijana akiwa amekwisha maliza kidato cha sita, wakati mlango wenyewe ulifunguliwa au kufungwa miaka mingi nyuma. Mwenye nia ya udaktari wa binadamu, akitaka kuingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita, sharti awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hata akiwa na A tatu za masomo mengine, mlango huo haumfungukii. Tahasusi huchaguliwa anapomaliza kidato cha nne. Na hata kabla ya hapo, katika shule nyingi, mtoto huacha Fizikia na Kemia anapoingia kidato cha tatu, akiwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita, mara nyingi kwa sababu rafiki yake ameziacha au kwa sababu mwalimu wa somo hilo hakuwapo mwaka mzima. Wakati huo ndipo penye haja ya mzazi. Hatakiwi kuja na amri, bali aulize tu: unaliacha somo hili kwa kuwa hulipendi, au kwa kuwa hukufundishwa? Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mtoto peke yake hawezi daima kuyatenganisha.

Tumesema msaada ni wajibu. Sasa tutazame mahali unapoanza kupotoka, nako ni mahali padogo sana kwa macho, yaani namba ya simu. Vijana wengi wakimaliza mtihani huitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013 baada ya kusimamishwa kwa muda mrefu. Basi hutokea matokeo yakatangazwa na dirisha likafunguliwa mtoto akiwa kambini. Fomu inajazwa nyumbani, na namba inayoandikwa ni ya baba. Baadaye kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, namba ya kuthibitisha huja katika simu hiyo, na mwenye simu ndiye mwenye uamuzi. Twamjua mama mmoja aliyepata ujumbe wa namna hiyo. Mwanawe alikuwa amechaguliwa katika vyuo viwili, cha ualimu alichokitaka kijana, na cha uhasibu alichokitaka mama. Siku za kuthibitisha zilikuwa chache, na kijana hakupatikana ila siku za mapumziko. Mama yule alikaa na ujumbe ule siku tatu bila kuugusa, mpaka jioni ya Jumapili mtoto alipopiga simu. Alithibitisha ualimu. Alitueleza ya kuwa hakulala vizuri siku zile tatu, na kwamba mpaka leo angali anaamini uhasibu ungekuwa bora.

Mama huyo amefanya jambo ambalo si rahisi hata kidogo. Pengine ni kweli kwamba uhasibu ungekuwa bora. Hatusemi ya kuwa kijana hukosea mara chache kuliko mzazi. Kijana wa miaka kumi na tisa aweza kuchagua kozi kwa sababu jina lake lina fahari, au kwa sababu chuo kiko karibu na ziwa na rafiki zake wote wanakwenda huko. Mzazi ameona zaidi. Amewaona waliohitimu wakarudi nyumbani na vyeti vyao wakakaa. Anajua ni kazi gani hulisha familia na ipi hulisha sifa. Yote hayo ana haki ya kuyasema, tena kwa nguvu. Zaidi ya maneno, ana haki na uwezo wa kumwonyesha. Ampeleke wodini akaone kazi ya muuguzi usiku, ampeleke kwenye karakana, akae naye siku nzima mahakamani. Masomo ya udaktari ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mtoto ajue hayo kabla, wala asije akayajua akiwa mwaka wa tatu, amechoka na hana pa kurudi.

Lakini mzazi akiisha kusema na kuonyesha, anyamaze. Hatuoni sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hii, kwamba miaka ile mitano haitasomwa na yeye. Zamani katika makabila yetu mengi baba alimchagulia mtoto mchumba, naye alifanya hivyo kwa mapenzi na kwa hekima ya kuchunguza ukoo. Leo tumekubali, wengine kwa shida, ya kuwa baba hushauri na mtoto ndiye anayekubali, kwa kuwa ndiye atakayeishi katika nyumba hiyo. Kwa nini basi tuliloliacha katika ndoa tulirudishe katika kozi?

Na liko neno moja ambalo wazazi wengi hulificha, nalo ni fedha. Baba ambaye hawezi kulipa ada ya kozi fulani huona haya kusema, "Mwanangu, sina." Badala yake husema kozi hiyo ni mbaya, haina kazi, ni ya watu wavivu. Mtoto huondoka akiamini ya kuwa alilolipenda ni upuuzi, kumbe lilikuwa ghali tu. Twawasihi akina baba waseme neno hilo fupi. Mtoto aliyeambiwa ukweli juu ya fedha aweza kutafuta njia, aweza kuomba mkopo, aweza kungoja mwaka. Lakini aliyeambiwa ya kuwa ndoto yake ni ya kipumbavu hana la kutafuta.

Wazee watakumbuka ya kuwa palikuwa na wakati ambapo mzazi hakuwa na la kufanya sana katika jambo hili. Kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana wa kidato cha sita hakuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Alipita kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi, na walioishi na kufanya kazi naye, pamoja na Chama, ndio walioulizwa kama mtu huyu anafaa. Baadaye utaratibu huo ulilegezwa, kwanza kwa wasichana, kisha ukaachwa. Hatuuombi urudi. Ulichelewesha wengi, na mtu aliyegombana na mkubwa wake aliweza kukosa nafasi kwa kinyongo tu. Lakini ulijua jambo moja, kwamba habari za mtu hutolewa vizuri na waliomwona akitenda, na ya kuwa yeye mwenyewe sharti awe amekwisha tenda kitu.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita baba mmoja alikuja ofisini kwetu na mwanawe, kijana mpole, mrefu, mwenye mikono iliyoungua ungua kwa risasi ya kuchomelea nyaya. Vyuo vya hapa nchini kwa kawaida hutazama matokeo ya mtihani, lakini wafadhili wa ng'ambo hutaka na barua ambamo mwombaji hujieleza yeye ni nani na anataka nini. Kijana alikuwa ameandika ya kwake kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Alieleza jinsi alivyokuwa akitengeneza redio za majirani, na jinsi alivyoanguka Fizikia katika mtihani wa muhula, akamwomba mwalimu ruhusa ya kukaa maabara kila Jumamosi. Kiingereza chake kilichechemea. Baba akasema, "Ninyi ni watu wa kalamu, nisaidieni."

Tulimsaidia. Tuliiweka ile barua kando tukaandika nyingine, na twaona haya kusema ya kuwa tulifurahia kuiandika. Tulitia humo kisima cha kijiji chao kilichokauka, akina mama wakitembea alfajiri na ndoo vichwani, na mtoto wa miaka saba akiapa moyoni ya kuwa atakuwa mhandisi. Kisima kilikuwapo kweli. Kiapo tulikitunga sisi. Baba alisoma akatokwa na machozi. Kijana alisoma akanyamaza, nasi tulidhani amependezwa.

Aliitwa katika usaili. Mmoja wa wasaili, ambaye nadhani alipendezwa na barua, alimwuliza habari za kisima: kilikuwa na kina gani, kilikauka kwa sababu gani, na yeye angekirudisha kwa njia gani? Kijana hakujua. Aliporudi hakutulaumu, maana alilelewa vizuri. Alisema tu, "Wangeniuliza habari za redio, ningejibu." Hatusemi alikosa nafasi kwa ajili ya kisima peke yake, kwa kuwa waliomba wengi. Lakini tulikuwa tumempeleka mbele ya watu wale mtoto ambaye hayupo, na yule aliyekuwapo tukamwacha nje.

Tangu siku ile tumefikiri sana juu ya neno "kusaidia". Kumsahihishia mtu makosa ya sarufi ni kumsaidia. Kumwuliza, "Hapa ulitaka kusema nini?" ni kumsaidia zaidi. Lakini kumwandikia moyo wake ni kumwambia, bila kutamka, kwamba huo alio nao hautoshi. Yule mtoto alilisikia neno hilo kutoka kwetu na kutoka kwa baba yake siku moja, nasi sote tukidhani twampenda.

Iko karatasi nyingine iliyo nzito kuliko barua, nayo ni fomu ya mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili mtoto wa asiye nacho asiachwe nyuma kwa umaskini. Katika maombi hayo hutakiwa habari za wazazi, vyeti vilivyohakikiwa, mdhamini, sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji, na sahihi ya hakimu au wakili. Sahihi zote hizo zinataka jambo moja tu, ukweli juu ya nyumba ya mwombaji. Na hapo ndipo tunapowaona watu wema, wasioweza kuiba kuku, wakifanya jambo la ajabu. Mwenye malori mawili anaandikwa mkulima mdogo. Aliyejenga nyumba ya kupangisha hana makazi ya kudumu. Baba aliye hai, anayekula chakula cha jioni mezani, anatafutiwa njia ya kuonekana kwamba hayupo.

Ukiwauliza hujibu, "Kila mtu afanya hivyo, nami siwezi kumwadhibu mtoto wangu kwa uaminifu wangu." Jibu hili si la kudharauliwa. Ni kweli ya kuwa mwaminifu aweza kukosa na mwongo akapata, na anayeumia ni mtoto ambaye hakushauriwa. Ni kweli pia ya kuwa vipimo vya uhitaji havioni kila kitu: mfanyakazi mwenye mshahara unaojulikana mpaka senti ya mwisho, anayelea watoto wa ndugu zake watano, huonekana tajiri kuliko mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake popote. Mfanyakazi huyo ana haki ya kulalamika, na akinyimwa ana haki ya kukata rufani na kueleza mzigo wake wote, bila kuacha hata mmoja kati ya wale watoto watano.

Lakini kulalamika ni kitu kimoja na kudanganya ni kingine. Fedha za mkopo hutoka katika fungu ambalo kila mwaka lina mwisho wake. Atakayekosa kwa sababu ya malori yetu mawili yaliyofichwa hatumjui jina, na pengine ndiyo maana ni rahisi kumnyang'anya. Amri inayokataza ushuhuda wa uongo haikuacha nafasi kwa ajili ya fomu. Na tukumbuke ni nani anayetia sahihi. Baba ndiye anayetunga uongo, lakini mwombaji ni mtoto, na deni ni la mtoto. Ndiye atakayekatwa asilimia 15 ya mshahara wake siku atakapoajiriwa, mpaka liishe. Kwa hiyo mzazi anamwekea mwanawe kalamu mkononi na kumwambia, "Andika hapa kwamba mimi si yule unayenijua." Kisha miaka kadhaa baadaye, mtoto yule akiwa mhasibu wa halmashauri au daktari wa wilaya, tunashangaa anatoa wapi ujasiri wa kuandika hesabu zisizo za kweli.

Hatutaki kuwa wakali kupita kiasi kwa wazazi. Nyuma ya karibu kila uongo wa namna hii ipo hofu, na hofu hiyo ina sababu: nafasi ni chache, maisha ni magumu, na mtoto wa kwanza kufika chuo mara nyingi hubeba matumaini ya wadogo zake wote. Mzazi anayetetemeka mbele ya fomu si mtu mbaya. Ila tungependa ajue ya kuwa mtoto anamtazama usoni kuliko anavyoitazama karatasi.

Tumemwacha yule kijana wa redio njiani. Mwaka uliofuata alirudi ofisini kwetu peke yake, na barua nyingine kwa ajili ya wafadhili wengine, safari hii kurasa mbili kamili. Alitaka tuitazame. Tulishika penseli, wala si kalamu ya wino, tukamwonyesha makosa ya Kiingereza moja moja, naye akayasahihisha mwenyewe pale mezani, polepole, akiuliza sababu. Mahali fulani aliandika ya kuwa alianza kazi hiyo kwa kuiharibu redio ya babu yake, na kwamba babu hakusikiliza taarifa ya habari kwa miezi miwili. Tulimwambia ya kuwa labda wafadhili wataona ni mtu mharibifu, afadhali aitoe. Alifikiri kidogo, akasema ya kuwa ndivyo ilivyokuwa. Basi tukaweka penseli chini, na barua ikaenda na redio ya babu ndani yake.